Picha safi, sauti mbovu: tumsake mchawi kwa dalili zake

Ujumbe ninaoupokea mara nyingi huanza hivi: "Kaka, picha imetoka vizuri sana, ila sauti..." Kisha kimya, kana kwamba mtu anatangaza msiba. Anayeandika huwa amepiga video ya kwanjula (sherehe ya Waganda ya kumtambulisha mchumba kwa wazazi) kule Mukono, au ibada ya Kiswahili ya ndugu zetu Wakongo hapa Kampala, au mahojiano ya filamu ya maisha ya wakimbizi huko Nakivale. Watu mbalimbali, maradhi yaleyale. Nimeyapanga hapa kwa dalili, jinsi watu wenyewe wanavyozitaja, na chini ya kila dalili naanza na chanzo kinachotokea sana.

Kabla ya yote, kumbuka kwamba sauti ina safari yake: mdomo, hewa, maiki, waya, kinasa sauti au kamera, faili, kompyuta, spika. Ifuate safari hiyo kutoka mwanzo. Wengi huanzia kwenye kompyuta kwa sababu ndipo walipokaa, wakati tatizo lilikwisha kuzaliwa kwenye kola ya shati. Badilisha kitu kimoja tu, sikiliza, ndipo uguse kingine. Na faili la asili usiliguse kabla hujalinakili mahali pengine.

## "Hakuna kitu kabisa"

Usicheke, lakini mara nyingi swichi ya maiki ilikuwa imezimwa. Au betri ya kipitishi, kile kisanduku kinachorusha sauti ya maiki isiyo na waya, imekufa. Au kamera inasikiliza maiki yake ya ndani ilhali umechomeka ya nje. Kagua hayo matatu kabla hujamlaumu mtu.

Kisha itazame plagi. Plagi ndogo ya maiki ya kamera ina pete mbili za plastiki. Ya simu ina tatu. Ukiichomeka ya kamera kwenye simu bila adapta, simu itaendelea kutumia maiki yake yenyewe, na habari utaipata ukiwa nyumbani.

Kama maiki yako ni ya kondensa inayoingia kwa XLR, ile plagi nene ya mviringo yenye pini tatu, nyingi za aina hiyo zinataka umeme wa volti 48 kutoka kwenye mikisa (mashine ya kuchanganyia sauti) au kinasa sauti. Kitufe chake huandikwa 48V. Umeme mdogo wa volti chache unaotoka kwenye tundu dogo la kamera hauwezi kuiamsha.

Mwisho ni waya. Itikise karibu na plagi huku umevaa hedifoni. Sauti ikienda na kurudi, lehemu ya ndani imeachia, na fundi redio yeyote mwenye mkono mzuri ataichoma upya. Ila kichwa cha maiki chenyewe usikifungue. Utando wake huharibika kwa kuguswa na kidole tu. Maiki iliyonyeshewa iache ikauke kivulini, si juani wala mbele ya mashine ya kukaushia nywele. Ikiendelea kukwaruza baada ya siku mbili, mpelekee fundi wa maiki hasa.

## "Kwenye hedifoni yupo, kwenye simu hayupo"

Hii ndiyo iliyonipa aibu kuliko zote, kwa hiyo nitakaa nayo kidogo. Nilichukua hotuba za harusi moja kwa moja kutoka kwenye mikisa ya DJ, nikasikiliza kwa hedifoni, safi kabisa. Nikawatumia wenye harusi kipande kwa WhatsApp. Jioni shangazi wa bibi harusi akanipigia: "Mwanangu, mbona mzee anafungua mdomo tu kama samaki?" Makofi na vigelegele, ambavyo nilivitoa kwenye kamera ya pili, vilisikika. Mzee mwenyewe hakuwepo.

Kilichotokea ni hiki. Tundu la XLR la mikisa hutoa sauti kwa njia mbili ndani ya waya mmoja: njia ya kwanza inabeba wimbi kama lilivyo, ya pili inabeba wimbi hilohilo likiwa limepinduliwa. Mashine inayopokea hulipindua tena lile la pili na kuyajumlisha, na kelele zilizoingia njiani zinafutana. Ni ufundi mzuri sana, mradi anayepokea aujue. Tundu dogo la kamera halijui lolote kuhusu hayo. Kwa adapta ya kawaida ya mtaani, litachukua njia ya kwanza liite kushoto, na ya pili liite kulia. Kwenye hedifoni kila sikio linapata lake, na hutagundua kitu isipokuwa sauti kuonekana kama inatokea nyuma ya kichwa chako. Simu yenye spika moja huyajumlisha. Wimbi na kinyume chake ni sifuri.

Kujua ni rahisi: kwenye programu ya kuhariri, igeuze sauti iwe ya njia moja. Ikitoweka, umemkamata. Dawa ni kufuta upande wa kulia na kunakili wa kushoto pande zote mbili. Hupotezi kitu, maana zilikuwa sauti moja. Siku nyingine tumia adapta iliyotengenezwa kwa kazi hiyo, au pitisha sauti kwenye kinasa chenye tundu halisi la XLR.

Kama sauti haitoweki ila inakuwa nyembamba, kama mtu anaongea ndani ya bomba, tazama kama maiki mbili zilikuwa zinamsikiliza msemaji mmoja kutoka umbali tofauti. Zima moja. Mkikaa wawili mezani, maiki ya jirani iwe mbali na mdomo wako walau mara tatu ya umbali wa maiki yako mwenyewe.

## "Inanguruma mmmm muda wote"

Umeme wetu Uganda ni wa volti 240 na mizunguko 50 kwa sekunde. Ukisikia mngurumo mzito usiobadilika, huo ndio umeme unaoimba: Hz 50, pamoja na watoto wake 100, 150, 200 na kuendelea.

Jambo la kwanza: chomoa chaja ya kompyuta. Nusu ya kesi zinaishia hapo. Kamera, kinasa na kompyuta vikifanya kazi kwa betri, hakuna njia ya mngurumo kuingia kupitia ukutani. Kama bado upo, tazama waya wa maiki umelala wapi. Ukilala sambamba na waya wa umeme, utabeba kelele zake. Utenganishe nao, na pale ambapo lazima zikutane, zipishane kama alama ya msalaba.

Kama mngurumo unaanza pale tu unapounganisha mikisa ya DJ na kamera yako, hiyo ni duara ya ethi, yaani waya wa usalama unaoingia ardhini: vifaa viwili vimechomekwa kwenye soketi tofauti na ethi zao hazilingani, hivyo umeme kidogo unazunguka kupitia waya wako wa sauti. Chomeka vyote kwenye ekstensheni moja. Ikishindikana, tafuta kisanduku chenye transfoma ya kutenganisha sauti. Ni kidogo, kinaingia mfukoni, na mimi sitoki nyumbani bila nacho.

Sasa onyo. Kuna watu wanakata au kuvunja mguu wa tatu wa plagi ili mngurumo uishe. Unaisha kweli. Ila ethi hiyo ndiyo iliyokuwa inakulinda, na msemaji wako ameshika maiki ya chuma kwa mikono miwili. Usifanye hivyo hata kwa dakika tano. Na ukigusa mikisa au maiki ukahisi mwasho au mtetemo vidoleni, usiendelee na rekodi. Waambie watu wasiguse kitu, zimeni umeme kwenye swichi kuu, aitwe fundi umeme mwenye kibali. Hapo si suala la sauti tena.

Jenereta ina tabia yake: mwendo wake ukipanda na kushuka, mngurumo nao unapanda na kushuka, na kichujio ulichokiweka kwenye Hz 50 kitapigwa chenga. Isogeze mbali, nyuma ya ukuta, na vifaa vyako vitumie betri. Mngurumo uliokwisha ingia kwenye faili utaupunguza kwa vichujio vyembamba kwenye 50, 100, 150 na 200. Ukivipanua sana, baba wa watu atasikika kama mtoto.

Dalili ya jirani: "trrr-trrr-trrr" inayokuja na kukatika. Hiyo ni simu ya mtandao wa 2G inayotafuta mnara. Huko vijijini ambako simu hurudi kwenye 2G utaisikia sana. Simu ya mhojiwa ikae chumba kingine, au izimwe mawimbi. Kuiweka kimya pekee hakusaidii, maana mlio haukuwa tatizo.

## "Kuna kitu kinachakaruka kifuani"

Gomesi, lile gauni refu la heshima la wanawake wa Kiganda. Naipenda kwa macho, masikio yangu yanaiogopa. Kitambaa chake ni kingi, mabega yake yamesimama, na akigeuka kidogo tu kuwasalimu wakwe, maiki ndogo iliyobanwa shingoni inasikika kama mtu anakunja gazeti.

Chanzo kikubwa ni kitambaa kusuguana na maiki. Kata vipande viwili vya plasta, kila kimoja ukikunje kiwe pembetatu yenye gundi nje pande zote, kisha ibane maiki katikati kama sambusa: upande mmoja unashika gauni, mwingine unashika nguo ya ndani. Kitu kisichosogea hakisugui. Iweke katikati ya kifua, mbali na bega na mbali na mkufu. Chanzo cha pili ni waya wenyewe: ufanyie kitanzi kidogo chini ya maiki na ukibandike, ili mvuto wa kiunoni usifike juu. Mara chache chanzo ni kipitishi kilichofungwa chini ya mshipi wa gomesi kikipigwapigwa na fundo.

Na tafadhali, usimvalishe bibi harusi wewe mwenyewe. Mweleze ssenga wake, yaani shangazi yake, mpe maiki, afanye yeye. Nimeona ssenga mmoja akiibandika vizuri kuliko msaidizi wangu wa miaka mitatu.

Wanaume ni rahisi. Mwenye kanzu na koti, ibandike kwenye uwazi wa kanzu, si kwenye ukosi wa koti, maana koti husogea kila anaponyanyua mkono.

Mchakaruko uliokwisha rekodiwa haufutiki vizuri, kwa sababu umo katika masafa yaleyale ya maneno. Ndiyo maana nasema sikiliza dakika mbili kabla sherehe haijaanza.

## "Inapasuka akipaza sauti"

Mshereheshaji akipiga kelele, au vigelegele vikilipuka, mawimbi yanafika 0 kwenye mita na kukatwa vichwa. Kupunguza sauti baadaye kunakupa mpasuko wa chini tu. Weka kiwango cha kuingia ili maneno makali yafike desibeli -12 hivi, ubaki na nafasi ya mshangao. Kinasa chako kikiwa na njia ya pili ya tahadhari inayorekodi chini zaidi, iwashe.

Ikiwa mita inaonyesha kiwango cha chini na bado inapasuka, mkato umetokea kabla ya mita. Kawaida ni mikisa inayopeleka sauti kubwa ya mashine kwenye tundu la kamera linalotegemea sauti ndogo ya maiki. Badilisha tundu liwe la LINE, au weka kipunguzi kwenye waya. Vinasa vya kisasa vya biti 32 vinasamehe mengi, ila haviwezi kurudisha kilichokatwa na kipitishi cha maiki isiyo na waya. Kila kituo cha safari kina mlango wake wa kupasukia.

Na kama sauti haipasuki bali inapumua, yaani kelele za nyuma zinapanda kila msemaji anaponyamaza, zima marekebisho ya kiwango ya kamera yanayojiendesha yenyewe.

## "Kama anaongea ndani ya pipa"

Nyumba zetu mpya ni vigae chini, ukuta wa simenti, dirisha la kioo. Sauti inagonga na kurudi. Chanzo cha kwanza, karibu siku zote, ni maiki kuwa mbali. Ukipunguza umbali kwa nusu, sauti ya moja kwa moja inapanda kwa takriban desibeli 6 huku mwangwi ukibaki palepale. Hakuna programu inayokupa hivyo bure.

Halafu laza blanketi chini, tundika shuka nzito nyuma ya kamera na pembeni mwa msemaji, simamisha godoro ukutani nje ya picha. Chumba cha kulala kinaishinda sebule. Maiki ndefu ya mlingoti, ile inayosifiwa sana, ndani ya chumba kidogo huwa inadanganyika na mwangwi. Maiki ndogo ya kifuani itakuokoa.

Friji izime. Na funguo za pikipiki ziweke ndani yake, usije ukaondoka ukawaachia wenyeji nyama imeoza.

## "Mdomo unatangulia, sauti inafuata"

Uliza kwanza: pengo ni lile lile mwanzo hadi mwisho, au linakua?

Likiwa lile lile, sogeza sauti basi. Huenda maiki ilikuwa mbali: sauti husafiri mita 343 hivi kwa sekunde, na kwa video ya picha 25 kwa sekunde, mita 14 zinakula picha moja nzima. Piga kofi moja mbele ya kamera kila unapoanza kurekodi, na kazi itakuwa ya sekunde tano.

Likiwa linakua, mshukiwa wa kwanza ni simu. Simu nyingi hubadilisha idadi ya picha kwa sekunde zenyewe kulingana na mwanga. Igeuze video iwe ya idadi isiyobadilika kabla ya kuhariri. Mshukiwa wa pili ni faili la sauti la 44.1 kHz lililosomwa kama la 48: saa nzima itaisha kwa dakika 55 hivi na watu wataongea kwa sauti nyembamba. Rekodi 48 daima kwa kazi ya video. Wa tatu ni saa za ndani za vifaa viwili kutolingana; tofauti hii ni ndogo, picha moja au mbili kwa saa. Kata kwenye kimya kati ya sentensi, sogeza kidogo, endelea.

## "Upepo, mvua, bodaboda"

Upepo unataka maiki ivishwe manyoya. Sponji peke yake haitoshi nje. Kichujio kinachokata sauti nzito zilizo chini ya Hz 80 kinasaidia kidogo. Bodaboda na ndege aina ya kwarara wanaopita wakipiga makelele, subiri wapite, kisha mwombe msemaji arudie sentensi nzima, si neno moja.

Mvua juu ya mabati haina dawa. Kuanzia Machi hadi Mei, na tena Septemba hadi Novemba, panga mahojiano asubuhi. Ikikukuta ndani, acha, kunywa chai. Na popote unaporekodi, chukua nusu dakika ya ukimya wa mahali pale, watu wote wakiwa wametulia. Huo ndio utakaoziba mapengo unapokata.

## "Nimesafisha, sasa wanaongea chini ya maji"

Umezidisha kiondoa kelele. Rudi nyuma, kitumie mara mbili kwa wepesi badala ya mara moja kwa nguvu, na acha kelele kidogo zibaki. Sikio linasamehe feni. Halisamehi mtu anayebubujika. Kama maneno hayaeleweki hata kabla ya kusafisha, mwite msemaji aingize sauti upya mbele ya picha yake, au weka maandishi chini.

## "Muziki unameza maneno"

Nenda ukawasikilize wale tunaowaita VJ, wanaotafsiri filamu kwa Kiluganda kwenye vibanda vya video. Akianza kusema anaishusha filamu, akinyamaza anaipandisha, na hakuna anayelalamika kwamba haelewi. Fanya hivyo na muziki wako, kisha upunguze muziki huo kidogo kati ya 1 na 4 kHz, ambako konsonanti zinaishi.

Kama video nzima ni kimya kuliko za wengine, pima kwa LUFS, kipimo cha ukubwa wa sauti jinsi sikio linavyousikia. YouTube hushusha kinachozidi takriban -14, lakini hainyanyui kilicho chini. Televisheni za Ulaya zinataka -23. Mteja wa runinga mwombe karatasi ya masharti yake kabla hujaanza kuchanganya. Kisha sikiliza kwa spika ya simu, kwa sauti ndogo, feni ikizunguka, maana hivyo ndivyo itakavyosikilizwa.

## "Faili halifunguki"

Betri ikikatika katikati ya rekodi, faili halifungwi sawasawa. Irudishe kadi kwenye kifaa kilekile. Baadhi ya vifaa hulirekebisha vyenyewe vikiwashwa. Kompyuta ikikwambia kadi inahitaji kufomatiwa, kataa. Usirekodi tena juu yake, usijaribu programu kumi za bure. Itoe, ifunge kwenye bahasha, na kama ni harusi au ushahidi wa mtu ambaye hatarudi, mpelekee mtaalamu wa kuokoa data. Kila jaribio lako linaweza kuandika juu ya kile anachokwenda kukitafuta.

Betri iliyovimba usiichaji wala kuitoboa. Itoe nje, mbali na vitu vinavyoungua.

## "Masikio yanalia ngiii baada ya kazi"

Hili wanaliandika mwisho, tena kwa kificho. Ulikaa karibu na spika za DJ usiku kucha, kisha ukahariri kwa hedifoni ikiwa juu ili kufunika kelele za mtaa. Desibeli 85 kwa saa nane ndio ukingo unaotumika makazini, na harusi zetu huvuka hapo kabla chakula hakijafika. Vaa vizibo ukiwa ukumbini na usihariri siku hiyo. Mlio ukifika siku ya pili, au sikio moja likisikia chini ya jingine, weka hedifoni chini umwone daktari wa masikio wiki hiyohiyo.